Mwaka Lori ya Haji Ilikuwa Inalia Asubuhi

Mtoto wa Mutiso alinipigia simu juzi, saa ya uji. Mimi simu sipendi, siku hizi simu inaleta kifo na watu wa kuuza bima, lakini nilishika. Akaanza na ile Kiswahili ya Nairobi, ile inatembea na mkono kwa mfuko: "Shosh, ni vile, buda alituacha. Alikuwa anakutaja sana, Mama Chai, Mama Chai. Tukaona tukuambie." Nikamwambia pole. Nikamwambia Mungu amrehemu, hata kama yeye alikuwa mtu wa kanisa, rehema haina mlango wa mbele na mlango wa nyuma. Halafu simu ikakatika, nikabaki nimekaa kwa mkeka, na unajua nilifanya nini? Nilikohoa. Nilitoa ile kikohozi ya Mutiso, ile alikuwa anakohoa kabla ya kusema jambo baya: "Khm. Khm. Sasa... mzee..." Wajukuu wakacheka huko chumba ingine. Wanajua ayeeyo yao, nyanya yao, ni mwizi wa sauti. Kila mtu amepita mbele yangu nimechukua yake, nimeweka hapa kwa shingo: polisi, sheikh, daktari wa mifugo, mpaka mbuzi. Wengi wamekufa, mimi ndio nimebaki nawabeba. Na kubeba watu wengi hivi, wallahi, kunachosha kuliko kubeba maji.

Mwaka wa Mutiso ulikuwa ule wa ukame mkubwa, kabla mvua ya El Niño haijakuja kutufanyia mambo yake. Nilikuwa mwanamke kijana, meno yote kwa mdomo, nikipika chai kwa yadi ya magari hapa Galbet, Garissa. Chumba yangu ilikuwa nyuma ya hiyo yadi, ukuta wa udongo, paa ya madebe yamenyooshwa na nyundo, na kwa ukuta nilikuwa nimebandika karatasi za pakiti za majani chai, moja juu ya ingine, ndio udongo usinimwagikie nikilala. Asubuhi napika anjera, saa nne napika chai ya tangawizi na hiliki, mchana wali na nyama kidogo kama iko, na mwaka ule haikuwa. Mafundi walikuwa wanakaa kwa matairi ya zamani kama wafalme. Kiswahili yangu imetoka hapo. Shule sijui mlango wake unafunguka ndani ama nje, Kiswahili nimeokota chini ya magari, ndio maana ina mafuta.

Mwenye lori alikuwa Haji Gurey. Gurey ni mtu wa mkono wa kushoto, na Haji alikuwa anafanya kila kitu na kushoto, isipokuwa kula na kusalimia watu. Alikuwa mzee mrefu, ndevu ya hina, anaongea Kiswahili ya mtu ameanza kuisikia na miaka hamsini. P yote kwake ni b, v yote ni f. Mimi aliniita adeer, yaani baba mdogo, na mimi pia nilimwita adeer, maana kwetu mkubwa akimpenda mdogo anamrudishia lile jina anaitwa. Mutiso, mtu wa Mwingi, akakaa mwezi mzima anatuangalia. "Mama Chai, kwani hapa nani ni mjomba wa nani?" Nikamwambia kunywa chai. Lori yenyewe ilikuwa ya wakati wa mkoloni, pua ndefu, macho mawili ya duara, kubwa kuliko mimi kwa umri. Tuliiita Ayeeyo. Ilikuwa imebeba posho ya serikali, imebeba askari, imebeba maharusi, imebeba maiti, na sasa nyuma ilikuwa na tangi la maji. Haji alikuwa akipita mbele yake anainamisha kichwa kidogo. Wake zake hawakuinamishiwa.

Waya za hiyo lori zilikuwa za zamani, zimefungwa na kitambaa badala ya plastiki, na kitambaa kilikuwa kimekauka mpaka ukigusa kinamwagika kama unga. Siku moja kwa njia ya Balambala dashibodi ikatoa moshi. Haji akazima moto na maji ya kutawadha, akarudi Garissa pole pole bila taa, bila honi, anapiga kelele na mdomo kwa kila punda. Basi Mutiso, fundi wa umeme, akaambiwa toa waya zote, weka mpya. Alizitoa, akazilaza kwa mchanga mbele ya meko yangu kama matumbo ya ngamia. Mjini waya ilikuwa ya rangi mbili tu, nyekundu na nyeusi, na gari inataka rangi nyingi ndio fundi asipotee. Mutiso akakuja kwangu na kofia mkononi: "Mama Chai, huna nguo kuukuu ya rangi rangi?" Nikampa dirac yangu moja imechanika, ile nguo yetu nyepesi, na ingine ya jirani bila jirani kujua. Akakata vipande, akafunga kwa kila waya: kijani ni taa kubwa, maua maua ni breki, njano ni honi. Hiyo lori ndani ilikuwa imevaa kuliko bibi harusi.

Na mimi nilikuwa nangojea hiyo lori kuliko Haji mwenyewe. Mama yangu alikuwa mbele ya Ijara, mbali na mto, na ng'ombe zake na ng'ombe za nyumba ya Haji pamoja. Bwawa lilikuwa limekauka. Kupeleka ng'ombe mtoni haikuwezekana tena, zilikuwa haziwezi kutembea hiyo njia, zingeanguka zote kabla ya kunusa maji. Kwa hivyo maji ilikuwa lazima iende kwao, na mwenye tangi alikuwa Haji, na Haji alikuwa na Ayeeyo. Habari ya mama nilikuwa napata kwa duka ya redio kol, pale unalipia unaongea na mtu wa Ijara, naye anasema amesikia nini kutoka kwa watu wa huko porini. Kijana wa redio alikuwa na sauti ya mtu ameshika pua: "Garissa, Garissa, unanipata? Mama ya Hawo anasema ng'ombe wanalala, hawaamki wenyewe. Wanainuliwa na mkia. Rudia: wanainuliwa na mkia. Ova." Hawo ndio mimi. Na duka imejaa watu wa kununua sukari, wote wanasikia mambo yako. Mwanamke mmoja akanishika bega. Yeye pia alikuwa kwa foleni.

Sasa, siku zile hukuamka tu ukaenda. Majambazi walikuwa kwa njia, kwa hivyo magari yalikuwa yanaondoka pamoja asubuhi, siku zake maalum, polisi mbele na polisi nyuma. Afande wa kizuizi, mtu wa bara, tumbo yake inafika kabla yake, alikuwa anakagua gari moja moja. Gari ikizimika katikati ya msitu, msafara wote unasimama hapo kama mbuzi wamefungwa. Kwa hivyo gari ya matatizo hapeleki. Siku Mutiso alimaliza kazi, jioni, alijaribu taa zikawaka, akajaribu honi ikalia mara moja na kunyamaza kama mtu amefundishwa adabu. Haji akafurahi mpaka akanunulia yadi nzima soda. "Mutiso, imebona?" "Imepona, mzee." "Imebona fizuri?" "Vizuri kabisa." Mimi nikalala na furaha. Asubuhi tangi imejaa, Haji akaomba dua yake, akapanda, akageuza ufunguo.

Ayeeyo akalia. Honi yenyewe, hakuna mtu amegusa, mbuuuuu, kama ng'ombe mwenye uchungu wa kuzaa. Haji akakanyaga breki, taa za mbele zikakonyeza. Akaweka indiketa ya kushoto, zikazimika zote. Akafika kizuizini hivyo hivyo, analia na kukonyeza, na Afande akatoka nje na kikombe: "Mzee! Hii gari yako iko na wazimu. Mimi wazimu siwezi peleka kwa msafara. Rudisha nyumbani, ifunge kamba." Msafara ukaenda. Haji akarudi, na lori ikalia njia yote mpaka Mutiso akakimbia akachomoa waya ya njano.

Mutiso alikuwa na kitu chake cha kupimia: balbu ndogo na waya mbili. Moja anashikisha betri, ingine anagusa gusa nayo, inawaka, haiwaki, anaguna. Alifungua hapa, akafunga hapa, na ilipofika saa nane mchana, jua limekaa juu ya kichwa, kila kitu kikafanya kazi. Honi nzuri. Breki nzuri. Akasema ilikuwa ni athi. Nikamuuliza athi ni nani. Akanieleza, na mimi ndio niliwaeleza wengine baadaye kama ni mimi fundi: umeme unaenda na waya, lakini kurudi nyumbani unapita kwa chuma cha gari yenyewe. Mahali pa kurudia ndio wanaita athi. Njia ya kurudi ikiwa mbaya, umeme unapotea kama mbuzi jioni, unaingia zizi la watu wengine. Ndio maana unakanyaga breki na honi inajibu. Nikasema, kumbe ni kama nyumba ya Haji, unaita mke mkubwa anakuja mdogo. Mutiso akacheka mpaka balbu ikaanguka. Alikwangua rangi kwa chuma, akafunga upya, akasugua na msasa. Jioni gari nzima. Asubuhi ya msafara, mbuuuuu.

Na hivyo ndio tuliishi. Sijui kama naweza kueleza hiyo uchovu. Si uchovu wa kazi, wa kazi unalala unaisha. Hii ilikuwa ya kuona kitu kimepona jioni, halafu unalala ukijua asubuhi kitakuwa mgonjwa, na huko mbali mama yako anashika mkia. Misafara ilienda, ikarudi, ikaenda. Mutiso alibadilisha swichi ya honi. Akatoa boksi ya fyuzi, akaangalia mchana, safi. Akatenganisha waya moja moja, akiita vitambaa vyangu kwa majina kama watoto shuleni: "Kijani! Uko? Maua maua! Wewe uko wapi?" Mchana wote wanaitika. Watu wa yadi nao kila mmoja na dawa yake. Mmoja alisema ni jini ya yule mzungu wa kwanza alikuwa dereva wake. Mwingine akasema, na sauti ya chini lakini si ya chini sana, kwamba fundi ndio anaharibu usiku ili ale kazi mara mbili. Wazee wawili wa pale nje walimwambia Haji aongeze dua, aongeze sadaka. Afande naye akizoea akawa anamsalimia kwa mbali: "Mzee, mgonjwa ameamkaje?" Na Haji, ambaye hakuwahi kumpigia mtu kelele, akaja akakaa karibu na Mutiso kwa tairi. "Mutiso. Wewe mtu fizuri. Lakini jioni gari nzima, asubuhi mgonjwa. Sasa mimi nafikiri nini?" Mutiso akakohoa. "Khm. Mzee, leo nitalala chini yake. Kama kuna mtu, tutamshika."

Akalala chini yake, na mkeka wangu. Hakuna mtu alikuja. Panya hakuja. Asubuhi mbuuuuu. Na mimi nikatoka kwa jiko yangu nimechoka, macho yananiuma na moshi, nikamwona Mutiso hajangoja jua lipande, si kama siku zote. Amefungua boneti wakati lori bado inalia. Amesimama na mikono juu kama mtu ameona nyoka. Akachomoa honi, kukawa kimya; Haji alikuwa ameshateremka, ameenda zake. "Mama Chai. Kuja hapa. Weka kidole hapo." Nikaweka, juu ya ile boksi ya fyuzi. "Weka kwa ulimi." "Mimi nilambe gari ya watu?" "Lamba." Nikalamba. Nikamwangalia. "Ni ya ngamia," nikasema. "Ya leo."

Maziwa. Juu ya fyuzi, kati ya fyuzi, chini kwa ule msumari wa athi, maziwa mabichi, na chini yake ganda la njano la maziwa ya juzi na ya siku ya nyuma, na sisimizi wamepanga mstari kama wanajiunga na jeshi. Wallahi wewe unaweza kufikiri mtu aliingia na hila. Hakuna hila. Haji mwenyewe, kila alfajiri ya safari, akitoka msikitini alikuwa ananunua maziwa kwa wale wanawake wa madumu, anakuja mbele ya Ayeeyo, anasoma, na anammwagia kwa paji la uso. Sisi tulimwona wote. Mimi nilimwona kila siku, nikipika anjera yangu. Maziwa kwa mtu anasafiri, kwa bibi harusi, kwa kisima kipya, kwetu ni kama salamu, nani anaangalia salamu? Mutiso pia alimwona. Lakini yeye, mtu wa adabu, akiona mzee anakuja na kikombe na midomo inatembea, alikuwa anatoka, anaenda kuoga, asikae katikati ya mtu na Mungu wake. Na boneti ya hiyo lori inafunguka katikati, ina mshono mrefu kama njia ya nywele, na mwisho wa mshono, chini kabisa, Mutiso ndio alikuwa ameweka boksi ya fyuzi mpya, akisema hapo ni mahali pazuri, hakuna mvua. Mvua kweli haikuwa. Maziwa yanashuka, yanalowesha, umeme unaruka kutoka zizi moja kwenda lingine. Saa nane jua limekausha, fundi anasema nimetengeneza. Na kadiri gari ilikuwa inaharibika, Haji alikuwa anaongeza maziwa. Alianza na kikombe. Asubuhi ile ilikuwa birika. Kwa mwaka ambao watoto walikuwa wanapewa chai ya rangi.

Mutiso akakaa chini. "Khm. Mimi siwezi kumwambia. Nimwambie nini? Mzee, dua yako ndio inaua gari? Atanifukuza, nitalala Mwingi leo." Nikamwambia nani atamwambia basi, maana kwetu mzee anaambiwa na mzee mwenzake, na wale wazee wawili wa nje ndio walisema aongeze. Saa tatu nikaenda redio kol. Kijana ameshika pua: "Garissa. Mama ya Hawo anasema usitume tena watu kuuliza habari. Anasema wamebaki wale wanaweza kusimama. Ova." Nikamuuliza ni wangapi. Akauliza. Ikatoka kelele tu, shhhh, kama mtu anamwaga mchele. Kesho yake tena ilikuwa msafara.

Saa nne ya chai watu wote walikaa. Siku zingine Haji angesema, "Adeer, leo toa bolisi," nami nikatoa Afande na tumbo yake, watu wakafa na kicheko. Siku hiyo hakuomba. Alikuwa ameshika kikombe anaangalia Ayeeyo kama mtu anaangalia mgonjwa hospitali. Nikafuta mikono kwa leso. Nikatoa sauti ambayo sikuwahi kutoa, ya kikongwe hana meno, nimeinama, mkono kwa kiuno:

"Haji. Haji Gurey. Mimi ni Ayeeyo yako, nilikubeba ukiwa na ndevu nyeusi. Dua yako naipenda, wallahi. Lakini, mtoto wangu, mdomo yangu iko juu ya kichwa? Wewe unanimwagia maziwa kwa nywele, inaingia kwa masikio, na kwa masikio ndio Mutiso ameweka akili yangu yote. Sasa unaniambia breki, mimi nasikia honi. Unaniambia kushoto, mimi nafumba macho. Jua likinikausha napata akili, natafuta msafara, umeenda. Maziwa sikatai, Haji. Nani anakataa maziwa mwaka huu? Lakini nipe pale watu wanapewa."

Mmoja akaanza kucheka, akaona hakuna mwingine, akameza. Mutiso alikuwa anaangalia viatu vyake kama ameviona mara ya kwanza. Haji akaweka kikombe chini. Akasimama, pole pole, akaenda akafungua boneti mwenyewe. Akatia kidole, cha mkono wa kulia, akaonja. Akafunga boneti, hakuibamiza, alifunga kama mlango wa chumba ya mtu amelala. Halafu akatoka langoni, hakuangalia mtu. Adhuhuri hakurudi. Wale wazee wawili wakaniambia, mmoja na sauti ya mbuzi, mwingine na sauti ya gunia: "Msichana, umemtukana mtu mzima mbele ya watu." Mimi nikaosha vikombe ambavyo vilikuwa visafi. Mutiso akapanga spana zake kwa sanduku, akazitoa, akazipanga tena, mwisho akasema, "Kama ni kufukuzwa, nifukuzwe kazi imeisha." Akachukua maji yangu ya moto na mswaki wa meno, akaosha kila fyuzi, akakwangua lile ganda, akasugua athi mpaka chuma ikang'aa, akafunika boksi na mpira wa tyubu ya zamani. Jua lilitua Haji bado.

Alfajiri alikuja, na birika. Sisi wote tulikuwa nje, hakuna mtu alijifanya ana kazi. Akasimama mbele ya Ayeeyo, akasoma dua yake yote, hakukata hata neno moja, na mimi nilikuwa naangalia tu ule mdomo wa birika. Akamaliza. Akageuka. Akamimina kikombe, akampa Mutiso. "Kunywa. Waya yote iko kwa kichwa yako. Baraka itabita hapo." Mutiso maziwa ya ngamia yalikuwa yanamshinda, kila mtu alijua, akiyanywa tumbo linamwimbia. Alikunywa yote. "Khm," akasema, "asante mzee." Kikombe cha pili Haji akaniletea mimi, akanishikisha mkononi. "Adeer," akasema, "ile sauti, Ayeeyo haongei hifyo. Ayeeyo ana sauti nzito kidogo." Hakusema jambo lingine juu ya hayo mpaka kufa kwake.

Kizuizini Afande akatoka na kikombe. "Breki!" Breki ikawaka. "Kushoto! Kulia! Honi!" Haji akapiga honi, ikalia, ikanyamaza. Afande akazunguka gari yote, akainama akaangalia chini kama anatafuta wazimu imeangukia wapi. "Wewe mzee, umempeleka kwa mganga?" "Habana, Afande. Amebona tu." Akainua mti. Mimi nilikuwa mbele katikati ya Haji na Mutiso, magoti yangu yamekamatwa na ile gia ndefu. Garissa ikapotea nyuma. Ndio Mutiso akasema, "Mzee, kuna jambo. Asubuhi zote hizi honi imekuwa ikilia, betri imekwisha nguvu, na dainamo yenyewe ni ya babu. Hii injini leo isizimwe. Huko na kurudi. Ukizima, sijui kama itawaka."

Ijara tulipita, tukaacha msafara, tukaingia njia ya ng'ombe na askari wawili wa akiba juu ya tangi. Nilijua tumefika kabla ya kuona nyumba, kwa harufu. Sitaeleza sana. Mizoga ilikuwa imevutwa kando, imepangwa miguu upande mmoja, kama mtu ambaye hata kwa hiyo shida alitaka usafi. Huyo alikuwa mama yangu. Alitoka kwa kibanda, amekuwa mdogo, sijui mwaka mmoja ulipunguza mtu hivyo namna gani, na hakunisalimia kwanza. Alikuja akachukua mpira wa maji kutoka mkono wangu. Zile ng'ombe zinaweza kusimama zilisikia maji zikaja zinagongana na mifupa. Zile hazikuweza, tulizipelekea na karai, tunainua kichwa, tunalowesha ulimi, mpaka moja inakumbuka kunywa. Mbili hazikukumbuka. Mama akaenda kwa kila moja na mkono kwa shingo, anaita majina, na majina yalipoisha ndio akaniangalia. "Hooyo," akaniita, yaani mama, jina lake mwenyewe akanipa. "Umekuja." Nikasema nimekuja. Niliona mikono yake. Ngozi ya kiganja ilikuwa imetoka, kwa kuvuta mikia.

Akaenda akakaa kwa kivuli cha lori, akaegemea tairi ya nyuma. Nilifikiri anataka kuongea, nikaleta chai. Alikuwa amelala. Mdomo wazi, kichwa kwa mpira, na Ayeeyo anatetemeka, naye mama anatetemeka pamoja naye kama mtoto kwa mgongo. Injini inanguruma, moshi mweusi, tangi inagonga gonga. Wachungaji wakaja wanapiga kelele ndio wasikike, wanauliza ya mjini, wanauliza mvua. Haji akanyoosha mkono kwa kamba ya kuzima injini, kwa sababu ya dizeli, mimi nilimjua na dizeli yake. Mutiso akafungua mdomo kumkumbusha betri. Haji akawa ameona mama yangu huko chini. Mkono ukarudi. Akawageukia wale wachungaji, akaweka kidole kwa midomo. "Bole bole," akasema. "Mtu amelala."

Basi tukakaa hapo mpaka jioni, watu wazima wote, kando ya hiyo kelele yote, tunaongea kwa kunong'ona.